Rosalie Anayerudisha Meno ya Chuma

Rosalie alifika kwa ukuta wangu hapa Kashikishi na sanduku ya chuma kichwani, akiibeba vile mwanamuke mwingine anabeba beseni ya samaki. Aliomba kivuli. Hakuomba nyumba, hakuomba chakula, aliomba tu kivuli cha ukuta upande wa soko, pahali pa kutua sanduku na kufanya kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema ya mashine. Nikamwangalia mikono, kwa sababu mudomo wa mutu unaweza kusema lolote, nikaona weusi umeingia mupaka chini ya kucha, weusi ule sabuni haiwezi kuufikia. Basi nikamupa kivuli. Moyo sikumupa.

Watu wa soko wanasema eti Bana Ireen, ndiyo mimi, mama ya Ireen, hapendi wakimbizi. Ni uongo. Mimi nilizaliwa ngambo ya ziwa, kule Kilwa ya Kongo, nikasoma kwa masista mupaka darasa ya tano, halafu ndiyo nikaolewa huku na marehemu Kalumba. Siwezi kuchukia watu wanaosema lugha ya mama yangu. Rosalie nilimushuku kwa sababu ingine. Alikuwa mujane, bado na nguvu, tena anajua kazi ambayo wateja wake wote ni wanaume. Tangu nimejua dunia, pahali pa namna ile hapakosi maneno.

Habari zake alizitoa kidogo kidogo, kama mutu anayelipa deni bila kupenda. Alizaliwa Manono. Baba yake alikuwa ajisteri, fundi wa kupima na kukata chuma, na kwa sababu hakupata mutoto mwanaume, huyu binti ndiye alishika taa, kisha akashika tupa, kisha baba akawa anakaa chini na binti anafanya. Vita ilipoingia kwao, mume wake Dédé alirudi nyuma kutafuta mbuzi, hakuonekana tena. Rosalie akavuka mupaka pale Pweto, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, akapewa shamba kama wengine. Udongo ule ulikubali muhogo, lakini yeye hakukubali udongo. Akaacha shamba kwa dada yake Chouchou, akabeba sanduku, akaja ziwani kwenye magari.

Sanduku lile ndilo liliniuma kichwa. Watu wote waliokimbia walibeba sufuria na blanketi. Huyu alibeba chuma. Ni mutu gani anakimbia risasi na mizigo ya chuma kichwani? Nilijiuliza hivyo siku nyingi, na sikuona haya kujiuliza.

Kazi yake, niieleze vile nilivyoiona. Boluti inashika kwa sababu ina meno inje na tundu lina meno ndani, yanaumana. Zamani engine zote zilikuwa chuma kizito. Siku hizi sehemu nyingi ni aluminiomu, laini kama sufuria ya kupikia ubwali, ugali wetu, na boluti ni ngumu kuishinda. Ukikaza kupita kiasi, meno ya tundu yanang'oka, yanatoka yamejiviringa kwenye boluti kama uzi, na boluti inabaki kuzunguka bure. Mafundi wetu hapa wanaviringa uzi wa nyavu kwenye boluti wanairudisha, ama wanapiga boluti nene kwa nyundo. Inashika mupaka mji wa Kawambwa, halafu unaona muvuke. Rosalie hafanyi vile. Anapanua tundu, anakata ndani yake meno makubwa, halafu anaingiza bomba fupi la chuma alilolitengeneza mwenyewe, lina meno inje na ndani. Boluti ile ile ya zamani inaingia ndani ya bomba lile, na haigusi tena aluminiomu.

Sasa gari letu. Ni lori aina ya Kanta, iliachwa na marehemu, inaendeshwa na mukwe wangu Lackson, mume wa binti yangu Ireen. Inabeba chisense, vile vidagaa vya ziwa, na samaki wakavu mupaka Mansa, pamoja na wenye mali waliokaa juu ya mifuko. Mbele ya engine yake kuna kinyumba cha aluminiomu, pale mupira wa maji unapoingia, kimefungwa na boluti tatu. Moja ilianza kuzunguka bure. Maji yakatoka, engine ikachemka, Lackson akaipeleka kwa Rosalie kwa sababu ni karibu, kwa ukuta wa mama-mukwe wake. Akatengeneza. Nikasema vizuri.

Mwezi haukuisha, boluti ya pili ikafanya vile vile. Akatengeneza na hiyo. Kisha ya tatu. Kisha ile ya kwanza, ile aliyokwisha kuitia chuma, ikang'oka na chuma chake chote, na kipande cha aluminiomu kimeshikamana nacho kama jino linalotoka na nyama.

Hapo soko likafungua mudomo. Mama Chewe, muchuuzi mukubwa wa chisense, mutu ambaye akikohoa hapa, watu wa Mununga wanasikia, alisema wazi kwamba mukimbizi anatengeneza moja analegeza ingine, ili gari lisikose njia ya kurudi kwake. Mwingine akasema si gari analotaka lirudi. Neno hilo la pili lilitembea kwa miguu yake, likamufikia Ireen.

Ireen alikuja kwangu akiwa amefunga kitambaa cha kichwa vibaya, nikajua hakulala. Alisema Lackson anakaa kwenye ukuta ule saa nyingi kuliko anazokaa nyumbani. Alisema nimufukuze Rosalie, ukuta ni wangu, kivuli ni changu, nisingoje mupaka ndoa yake iingie maji kama ile engine. Nikamwambia nitaangalia kwanza. Kufukuza mutu ni rahisi, lakini nikimufukuza bure atakwenda na jina baya kila soko, mupaka Puta, na hakuna atakayempa tena gari. Hilo nililijua. Na yeye Rosalie alilijua, kwa maana tangu siku ile alianza kunisalimia akiwa amesimama, mikono nyuma.

Mutu atauliza, kwa nini sikumuuliza Lackson mwenyewe? Anayeuliza vile si wa huku. Kwetu mukwe haongei na mama-mukwe uso kwa uso mupaka familia ya muke imupikie chakula cha kumuingiza, na Lackson tulikuwa hatujamuingiza. Nikipita njia hii, yeye anapita ile. Nikitokea sokoni, anainamisha kofia. Basi nilibaki na macho yangu.

Gari lilipoletwa kwa ile boluti iliyong'oka, nikatoa kiti changu, nikakiweka karibu na ukuta, nikasema ninaota jua. Lackson alipoona kiti tu, alikwenda kusimama kule kwa wauza chumvi, akabaki huko mupaka kazi ikaisha.

Niliangalia kila kitu. Aliziba mudomo wa engine kwa kitambaa. Akapaka grisi kwenye kekee, eti unga wa aluminiomu ushikane na grisi usianguke ndani. Nikaweka hilo akilini: kama ni mwizi, ni mwizi musafi. Kisha akachukua chombo cha kukatia meno, akakigeuza kwa mikono miwili, nusu mbele, halafu akarudisha nyuma kidogo. Tena mbele, tena nyuma. Nikashtuka. Nikamuuliza kwa nini anarudisha, au kazi ya saa moja anataka iwe ya siku? Alijibu bila kuinua kichwa kwamba chuma kinachokatwa ni lazima kivunjwe, usipokirudisha kinajaa na kukwama, na chombo kinavunjikia ndani. Jibu lilikuwa zuri. Mimi jibu zuri linanitia mashaka kuliko jibu baya, kwa sababu mutu huwa amelitayarisha.

Alimaliza, akafunga boluti zote tatu kwa spana fupi, kwa nguvu ya vidole tu, kama mutu anayefunga kifungo cha shati ya mutoto. Nikarudi ndani bila kuona kosa, na moyo haukutulia.

Kesho yake Ireen akaingia bila hodi. Alikuwa amefungua gari kutafuta kitenge chake, akainua kiti, akachungulia engine kwenye tundu lililo chini yake. Akanikamata mukono, akanipeleka kule gari lilikokuwa limesimama, akanionyesha. Kwenye boluti zile tatu kulikuwa na rangi ya kucha. Nyekundu, ile ile inayouzwa na Plamedie, muuza urembo pale sokoni, mustari mumoja mwembamba juu ya kila boluti.

“Mayo, mama yangu, sasa amepaka mpaka engine,” Ireen alisema. “Anamupakia nani rangi? Engine ina macho?”

Ninajua vitu vingi ambavyo wanawake wanafanya ili mwanaume asisahau njia. Nimesikia habari za uzi, za chumvi, za maji ya kuoga. Rangi ya kucha juu ya boluti nilikuwa sijasikia, na kitu ambacho sijasikia kwa umri wangu si kitu kidogo. Tena Rosalie mwenyewe hana rangi kwenye kucha hata chembe. Sasa chupa ile aliinunua ya nini?

Nikamutuma Ireen nyumbani. Nikaenda kwa ukuta peke yangu. Rosalie alikuwa anasaga bomba kwa tupa, aliponiona akaweka tupa chini.

Nikamwambia: “Rosalie, kivuli nilikupa mimi. Leo unaniambia rangi ile ni ya nini, ama jioni sanduku yako inarudi kichwani.”

Akafungua sanduku, akatoa chupa ndogo, akaiweka juu ya mukono wangu.

“Mama, ni hii verni. Mi sikuipaka kwa mapenzi. Angalia muzuri: ile mustari inaanza ku kichwa ya boluti, inashuka mupaka ku nyumba yake. Mutu akigeuza boluti hata kidogo tu, mustari inavunjika, inakuwa mbili. Nimechoka kuitwa mwizi. Nataka kujua ni nani anakaza.”

“Nani anakaza? Si wewe?”

“Mi nakaza mara moja, na spana fupi. Ile tundu haikuchoka yenyewe, Mama. Ilivutwa na nguvu, mara mingi. Nimeuliza bwana Lackson, anaapa hakuna mutu anagusa. Donc, basi, mumoja kati yetu anadanganya. Gari inatoka kesho asubui. Uende uone, kisha unifukuze.”

Nilimuuliza kwa nini asiende yeye. Akasema akienda yeye karibu na gari lile alfajiri, mimi Bana Ireen sitakuwa na haja ya kumufukuza, soko lote litamufukuza. Hapo alisema kweli.

Usinidhanie kwamba niliamini. Niliona mutego. Nikajisemea, labda usiku huu atakwenda mwenyewe kuvunja mustari, apate wa kumutupia kosa. Kwa hiyo nilimwambia Lackson, kupitia kwa Ireen, alaze gari ndani ya uwanja wangu, nikafunga kufuli na ufunguo nikalala nao ndani ya nguo. Asubuhi kabla ya kufungua nilichungulia. Mistari mitatu ilikuwa mizima.

Gari likaenda mahali pa kupakia, na mimi nyuma kwa miguu, kitenge kichwani, nikajificha kwenye mifuko ya chumvi ili nisimutie mukwe wangu haya. Walipakia chisense. Walifunga kamba. Kisha Lackson akainua kichwa cha gari, vile Kanta inavyoinamishwa mbele, engine ikabaki wazi. Akaangalia mafuta, akaangalia maji. Mupaka hapo hakuna kosa. Halafu akatoa spana ndefu mulangoni, akailaza juu ya engine, akasogea pembeni na kuangalia upande mwingine, kofia mukononi, kama mutu aliye kanisani.

Mama Chewe akaja wa kwanza. Akatua kikapu, akashika spana kwa mikono miwili, akaiweka kwenye boluti ya kinyumba cha maji, akavuta mupaka mabega yakapanda. Akasema, “Na mimi mukono wangu upo.” Akapanda. Akafuata Mwaka, muuza chumvi, akavuta. Akafuata muhubiri mumoja aliyekuwa anakwenda Mansa kwa mukutano, akavuta, tena yeye kwa nguvu ya roho na ya mwili. Mwanamuke mwenye mutoto mugongoni akavuta, kisha akashika kamukono ka mutoto akakagusisha spana, ili na yeye awe amesafiri vizuri.

Mimi nilisimama pale nyuma ya chumvi. Kitu kile nilikuwa ninakijua. Ni cha ziwani. Nikiwa musichana, mashine za kwanza za mitumbwi zilipofika, mashine moja ilichomoka kwenye mutumbwi wa kisiwa cha Chisenga ikazama katikati ya maji, na wenye mali na mwenye mutumbwi wakashitakiana mupaka wazee wakachoka. Tangu hapo mwenye mutumbwi hasukumi kabla kila abiria hajaweka mukono kwenye skrubu ya mashine na kuikaza kidogo, ili ikizama asiwepo wa kusema mimi sikujua. Skrubu ile ni ya chuma, ina masikio mawili ya kushika kwa vidole, inabana ubao. Uikaze ukoo muzima, haitakufa. Lackson aliendesha mutumbwi wa Chisenga miaka mingi kabla ya kuoa kwangu na kupewa gari. Alikuja na adabu yake ya majini. Na alipoapa kwamba hakuna anayekaza, hakudanganya: kwake ile si kukaza, ni kukubali safari.

Rosalie, mutu wa Manono, angeijulia wapi? Hata angeuliza mwaka muzima.

Nikatoka nyuma ya mifuko. Lackson aliponiona aligeuka mugongo mara moja, kofia usoni. Sikumusemesha. Nilimusemesha Mama Chewe, na sauti nikaiweka kubwa ya kutosha watu wawili.

“Mama Chewe, umwambie yule kijana kwamba nyumba ya maji ya gari si skrubu ya mutumbwi. Ile ni aluminiomu. Mumeing'oa meno ninyi wenyewe, kwa mikono yenu, halafu mukamwita mutu mwizi.”

Mama Chewe alinitazama kutoka juu ya mifuko. “Ba Mayo, tusipoweka mukono, mashine ikianguka njiani tutamushika nani?”

“Itaangukia wapi? Kati ya hapa na Mansa umeona maji ya kuimeza?”

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema yeye hasafiri na gari ambalo hakuligusa, afadhali ashuke na mifuko yake. Wengine wakaitikia. Nikaona kwamba ukweli niliukuta, lakini ukweli peke yake hautatoa gari pale. Nikazunguka nyuma. Mulango wa nyuma wa Kanta ulikuwa umefungwa kwa kamba na waya. Nikauliza, tena kwa Mama Chewe, ni nini kinachoshika mali yao isimwagike kwenye mashimo ya barabara, engine ama mulango huu? Akashuka, akaja kuvuta kamba ile mwenyewe, nikamwambia basi mikono yao wataiweka hapa, kwenye skrubu ya chuma.

Mistari ya rangi nilikwenda kuiangalia mwenyewe. Ilikuwa imevunjika yote mitatu. Gari halikuondoka siku ile.

Rosalie alifanya kazi juu ya mulango wa nyuma. Alitengeneza skrubu nene ya chuma, akaipa masikio mawili mapana kama ya mashine ya mutumbwi, ikawa inabana mulango kwenye bodi. Nilimuambia namna ya yale masikio, vile yanavyoinama, maana yeye hakuwahi kuyashika. Tundu lake alilikata katika chuma kinene, wala si aluminiomu. Mama Chewe alikuja kuijaribu mbele ya watu, akaikaza, akailegeza, akaikaza tena, akatafuta kosa kwa macho na kwa vidole. Mwisho akasema inashika. Hakumwomba Rosalie samahani. Alimuuliza kama anaweza kutengeneza na mashine yake ya kusagia mahindi.

Gari likaenda Mansa likarudi. Mistari mipya kwenye kinyumba cha maji ilirudi mizima.

Ireen alikuja jioni ile. Nilifikiri atafurahi. Alikaa, akavuta kitenge juu ya magoti, akasema basi, boluti hazikuwa kosa la Rosalie, hilo amelikubali. Lakini zile saa zote ambazo Lackson alikaa kwenye ukuta, alikuwa anangoja boluti tu? Nikamwambia gari likiwa limefunguliwa, dereva akae wapi? Akasema hajui, mimi ndiye mwenye macho. Zile saa niliziona na mimi, na siwezi kuapa kwa kitu ambacho sikukifungia kufuli. Siku hizi Ireen anasafiri na mume wake mupaka Mansa, anakaa mbele, katikati.

Rosalie aliuliza swali moja tu, akiwa amesimama, mikono nyuma: anabaki ama anaondoka? Nikamwambia anabaki. Akauliza kama naweza kumuruhusu kusimamisha miti na bati pale kwenye ukuta, na kutia mulango, sanduku lilale ndani badala ya kurudi nalo kila jioni kwa mwenzake anayemupa pahali pa kulala. Nilifikiri usiku muzima, kisha nikakubali. Bati alinunua yeye, misumari nilitoa mimi. Aliponunua kufuli nilimwambia aniletee nilione. Lilikuja na funguo mbili. Moja iko naye. Moja iko kwangu, ndani ya nguo.